Kaka wa Nyali, vipepeo utawaonaje na watoto wao unawapigia dawa?

Bwana Mhariri,

Kwanza salamu. Mimi si mtu wa kuandika magazetini, kazi yangu ni cherehani, nashona madera na sare za shule hapa Mishomoroni mwaka wa kumi na tisa huu, na gazeti lako hunifikia likishapita mikono mitatu, mume wangu, jirani, halafu mwenye duka ambaye tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 hulichana akafungia watu mayai na maandazi, kwa hivo mara nyingi nasoma nusu ya habari na nusu nyengine imeenda na mayai ya mtu. Lakini ile barua ya kaka wa Nyali niliipata nzima na imenikaa kichwani wiki mzima, nimeona nikinyamaza ntapasuka.

Analalamika ati amemwaga pesa kwenye bustani yake, bogonvilia rangi nne, mawaridi, mitende ya mapambo, nyasi zimekatwa zikalala kama zulia, na kipepeo hata mmoja hamuoni, akamalizia kwa kusema Mombasa vipepeo wameisha. Na hapo katikati akataja, kwa kupita tu, kwamba kila mwisho wa mwezi kuna jamaa huja kupiga dawa ndo majani yasitobolewe.

Sasa kaka yangu, si umejijibu mwenyewe? Katika hao wanaotoboa majani ndo wamo watoto wa kipepeo. Kiwavi ni kipepeo, au nondo, ambaye hajakua. Wewe wataka mgeni aje amejipamba akae kwenye maua umpige picha, lakini watoto wake wakigusa sahani unawamwagia sumu, nani atakuja kwako?

Na sisemi haya kwa ujuaji, mimi mwenyewe nilikuwa hivo hivo. Nina mlimau nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, niliotesha mbegu kwenye debe nikaja nikauhamisha. Mwaka mmoja baada ya mvua ya mwaka, ile ya Mei, mti ukatoa majani machanga mengi, siku moja nikaona yana uchafu, vitu vyeusi vina baka jeupe, mavi ya ndege kabisa, nikasema hawa kurabu wamepata pa kukaa (kurabu mwawajua, kunguru hawa wa Bara Hindi, wao huiba mpaka sabuni). Nikachukua kitambaa kibichi nipanguse. Ule uchafu ukatembea.

Nilipiga ukelele mpaka mteja akamwaga chai juu ya dera lake mwenyewe.

Nikataka kuwapigia ile dawa ya mkebe ya mende, ndo akatokea mama mmoja jirani, kwao ni Gede, akanishika mkono. Akacheka. Akaniambia mama fundi, hawa kwetu watu huwafuga. Nikajua ananichezea shere. Kumbe kweli, pale Gede kuna mradi unaitwa Kipepeo, ulianza 1993, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke wanalea viwavi kwenye miti iliyovikwa neti, wakishajifunga kuwa pupa wanapelekwa mradini wakauzwa nchi za nje, Ulaya na Marekani, huko kuna majumba ya vioo watu hulipa kiingilio waone vipepeo wakiruka. Msitu ule una aina zaidi ya 250 za vipepeo. Na fikra yenyewe ilikuwa kwamba mtu akipata riziki kutoka msituni hatakuwa na haraka ya kuukata. Nilienda mwenyewe siku moja na watoto, matatu ya Malindi ukashuka Gede, pale pale karibu na magofu, nikasimama mbele ya neti nikamuona kiwavi wangu, yule yule wa mavi ya ndege, na mtu anamtunza kama kuku wa mayai. Nikakumbuka sisi huku tunalipa watu watuulie.

Basi nikawaacha kwenye mlimau nikaanza kuwaangalia, na hapo ndo nikaharibika kabisa, kazi za watu zikachelewa.

Kiwavi wa mlimau akiwa mdogo ni hilo baka, ndege akimuona anadhani ni kinyesi cha ndege mwenzake anapita zake. Anajivua ngozi mara nne. Mara ya mwisho akivua anatoka mwengine kabisa, kijani kibichi na michirizi ya kahawia, mnene kama kidole changu, na sasa hata ukimtafuta humuoni kwenye majani. Watoto wangu wakagundua kwamba ukimgusa mgongoni anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, rangi ya chungwa iliyoiva, zinachomoza kama ulimi wa nyoka na harufu kali inakupiga puani, limau lililovunda ukilifikiria basi ndo hio. Hana manyoya, hawashi, hang'ati. (Wale wenye manyoya ni wengine, hao msiguse, kuna wanaowasha mpaka mtu apelekwe kwa daktari, mimi siwatetei wote.)

Akishashiba anatafuta mahali, anajibandika mkia, halafu anajifunga uzi kiunoni. Mimi mtu wa uzi nilikaa chini nikaangalia. Uzi mmoja tu, anauzungusha kichwa kikienda huku na huku, mara nyingi, mpaka umekuwa mshipi, kisha anauegemea kinyumenyume kama mtu aliyefunga mkaja akapumzika. Asubuhi yake ngozi imeshuka na imebaki pupa. Aliyejifunga kwenye kijiti kibichi alitoka kijani na aliyejifunga kwenye mbao za mlango wa choo alitoka rangi ya mbao, nakwambia hata mimi na macho yangu ya kuchagua vitambaa ningewapita. Kutoka yai mpaka kutoka kwa kipepeo nilihesabu siku thelathini na nane, nilikuwa naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja.

Na siku ya kutoka, wallahi, msikose. Hutoka asubuhi. Mabawa yamekunjamana madogo, kanga iliyokamuliwa, ananing'inia kichwa juu anayajaza maji ya mwilini taratibu mpaka yananyooka yenyewe, pasi ya aina gani hio. Anadondosha tone moja la rangi ya kutu, mtoto wangu mdogo akalia ati anatoka damu. Hapo usimsaidie! Ukimvuta umeshamlemaza, mabawa hayanyooki tena. Mwache saa nzima au zaidi. Huyu wa mlimau akikomaa ni mkubwa, mweusi ana madoa ya manjano hafifu kila mahali na macho mawili mekundu nyuma, binti yangu alimtafuta kwenye simu akanambia wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Sisi twamwita wa limau.

Ndo maana nasema bustani ya kaka wa Nyali ni hoteli yenye soda tupu. Maua ni kinywaji cha wakubwa tu. Mama kipepeo akitafuta pa kutaga haangalii maua, anatafuta jani la ukoo wake, na anaonja kwa miguu, mkae muangalie, anapapatika juu ya majani, anagusa hili anaondoka, anagusa lile anaondoka, akifika kwenye ndimu au limau au chungwa miguu inamwambia hapa, anakunja tumbo anaacha kitone kimoja cha manjano kadiri ya kichwa cha pini. Mitende ya mapambo na nyasi za zulia ataonja mpaka jioni, wa limau hapo hana jani.

Kwa hivo kaka anza na mndimu. Ukiwa na uwanja ongeza mstafeli, kuna vipepeo wa madoa meusi na meupe wanaoenda mbio sana, hao watoto wao hula jamii ya mstafeli na mtomoko. Ule mwingajini unaong'olewa kila siku kando ya mtaro, wale vipepeo weupe wenye kijani kwa mbali wanaopita kwa wingi wakielekea upande mmoja kama wanaenda harusini, hutaga hapo. Na talakushe! Hapa nilipigwa na butwaa kwa sababu nilikuwa nikiifyeka kama magugu, ile inayotambaa yenye viua vyeupe, mpaka yule yule mama wa Gede akanipigia kelele kwamba nafyeka mboga, Wamijikenda waila miaka na miaka, na sokoni Kongowea utaipata kwenye mafungu. Basi tunagawana, sisi twachuma machipukizi tunapika na nazi, viwavi wanakula ya chini.

Talakushe ndo iliyonionyesha jambo ambalo nikiwasimulia wateja hawaamini. Kuna kipepeo mwengine hapa mjini kila mtu amemuona, ukimtazama ni kanga kamili, mji wa rangi ya chungwa na pindo nyeusi yenye vidoti vyeupe, anaruka polepole bila wasiwasi. Hana wasiwasi kwa sababu ana sumu. Watoto wake, wenye mistari myeusi, myeupe na manjano, hula ule mti wa majani mapana ya kijivu unaotoa utomvu mweupe kwenye viwanja vikavu, na sumu ya utomvu inabaki mwilini mpaka akikua, ndege akimuonja mara moja harudii. Huyo ni Danaus chrysippus. Sasa kwenye talakushe yangu akawa anakuja mmoja nikamdhania ni yeye, rangi ile ile, pindo ile ile, kumbe ni feki! Ni kipepeo wa ukoo mwengine kabisa, Hypolimnas misippus, hana hio sumu, amevaa kanga ya mwenziwe ndo ndege wamuogope. Na ni mke tu anayevaa hivo, mumewe ni mweusi ana mabaka meupe ya duara yenye ukingo wa zambarau unaong'aa juani, ukiwaweka pamoja huwezi kusema ni mke na mume. Kuwatofautisha, angalia bawa la nyuma, wa kweli ana vidoti vyeusi vitatu au vinne katikati, wa kuiga ana kimoja pembeni. Nimeshona miaka mingi nikaona kanga za kuiga chungu nzima lakini hii kazi sijaiona.

Maua nayo muhimu, sikatai, ila si lazima ya bei. Bogonvilia ile rangi si ua, ni majani yaliyojigeuza, ua lenyewe ni kile kineli cheupe katikati, na kwangu naona wanaipita. Pentas ndo wanaipenda, na ni ua la Afrika Mashariki hii hii yetu, nyekundu na ya pinki, na iksora ile ya mafungu mekundu kwenye nyua za zamani. Lantana wanaililia lakini usipande, ni mgeni aliyeshavamia mashamba ya watu, ikitoka kwako haitaki kurudi. Weka penye jua, kipepeo bila jua hapati nguvu ya kuruka, na penye ukuta au ua wa kukinga upepo, wakati wa kusi hapa Mishomoroni mpaka kamba ya nguo hukatika, sembuse kipepeo. Na mche wa dukani usiuamini siku ya kwanza, mingi imeshapigwa dawa ili ipendeze, uoshe majani uuweke pembeni wiki kadhaa.

Maji pia wanataka, lakini si beseni, mnajua maji hapa ni ya hamali, mtungi kwa mtungi, na beseni wazi utafuga mbu. Mimi nina kisahani cha mchanga nakilowesha kwa maji ya kuoshea mchele, wanaume wa vipepeo hukaa hapo wakanyonya chumvi chumvi ya tope. Na embe likianza kuoza usitupe, liweke juu ya ukuta, kuna vipepeo wakubwa wanene wa mwituni ambao maua hawayataki kabisa, wao ni tunda lililochacha. Jirani yangu mgema anasema hata chicha la mnazi wake (ule wa kunywa) huwaleta, mimi mnazi siuingizi kwangu kwa hivo hilo mumuulize yeye.

Sasa nije kwenye machungu yangu, bwana mhariri, kwa sababu haya yote yalitaka kunitoka siku moja. Mwezi wa tatu ajenti wa nyumba zetu alileta vijana wawili na mitungi ya dawa mgongoni, hakuna aliyeambiwa, mimi nilikuwa Biashara Street nachukua vitambaa. Walipiga mitaro, vizuri, wakapiga vyoo, vizuri, halafu wakaona mlimau una majani yaliyotobolewa wakaona watufanyie hisani. Niliporudi watoto walikuwa wamekusanya viwavi kwenye sahani ya bati, thelathini na mmoja, na vipepeo wawili, na nyuki sijui wangapi. Kuku wa jirani alikula waliobaki chini naye akalala siku mbili hajisikii. Nikampigia ajenti, akaniambia mama, watu hulipia huduma hio.

Najua mtasema mbu. Homa ya dengi tunaijua Mombasa, mimi iliniangusha siku tisa mpaka mifupa nikaihesabu mmoja mmoja, siombi mbu waachwe. Lakini mbu wa dengi hazai kwenye jani la mlimau, anazaa kwenye maji, kwenye mtungi usiofunikwa, tairi bovu, sahani chini ya chungu cha maua. Nilichomwambia ajenti ni atupigie simu siku moja kabla, tufunike vyakula, tufunge kuku, na miti atuachie. Si jambo kubwa. Hajajibu. Nasikia na mitaa mengine ni hivo hivo, mtu anashtukia harufu tu.

Na wengine wananiambia basi nitumie maji ya mwarobaini, ni dawa ya asili. Asili yake haimzuii kuua, mwarobaini unamfanya kiwavi asile na asikue, ni ule ule msiba kwa njia ndefu. Viwavi jeshi waliokula mahindi ya watu 2017 nawaelewa mkulima akiwapigia, wale ni watoto wa nondo na wanamaliza shamba la mtu. Mlimau haumalizwi na viwavi. Wangu umeliwa misimu na misimu na ndimu za achari, samahani, malimau ya achari nauza mpaka leo. Mche mdogo ndo wa kuhurumia, ukiwa na majani kumi na viwavi watatu wahamishe wawili kwenye mti mkubwa, uwachukue pamoja na jani lao, basi. Wala si wote watakua, nyigu wanakuja, mijusi wanakuja, kurabu ndo kabisa, kwangu katika mayai kumi nikiona kipepeo mmoja nashukuru.

Na kama bado mnaona wadudu ni uchafu, nendeni hapo Bamburi. Mlipokuwa mashimo matupu ya kuchimba mawe ya simiti, walianza kupanda mivinje 1971, na majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi, mpaka walipoletwa jongoo, hawa hawa jongoo mnaowafagia, wakayala yakawa udongo, ndo miti mengine ikapata pa kushika. Leo hapo hapo ndo Haller Park, mwapeleka watoto kuona twiga na viboko, jongoo hakuna anayempiga picha.

Haya, kaka wa Nyali. Miche ya ndimu ninayo mitano, iko kwenye vibuyu vya maziwa vilivyokatwa, siiuzi. Ukipita Mishomoroni uliza fundi wa madera, watakuleta mpaka mlangoni. Minne chukua unayotaka. Wa tano una mayai mawili tangu juzi, huo sikupi mpaka watoke.

Mama Fundi,
Mishomoroni, Mombasa